Mwalimu wa Divinity na Radhi ya Baba Yangu

Mwalimu wetu wa Divinity alipenda ubishi kuliko ugali. Ukimkubalia haraka, anakutazama kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. "Umekubali nini wewe? Hata sijamaliza kukosea!" Sisi tuliotoka shule za kata, ambako ukimbishia mwalimu unaambulia fimbo, tulidhani ni mtego. Wiki za mwanzo darasa zima lilikaa kimya, na yeye akawa anakasirishwa na ukimya wetu kuliko kelele za darasa la jirani.

Nimemjua miaka mingi, kwanza kama mwanafunzi wake pale Kilosa, baadaye kama jirani yake hapa Mikumi ninakouza chakula. Naweza kukwambia anavyopuliza chai hata iliyopoa, anavyovaa kofia ya pama ndani ya nyumba, anavyomwita kila fundi "profesa". Lakini nikieleza habari zake nikaruka jambo moja nitakuwa mnafiki, kwa hiyo naomba nilitangulize. Mwalimu huyu, aliyenipa nusu ya adabu niliyo nayo, ndiye aliyemtukana baba yangu mbele ya mkutano wa kijiji, tena bure, na akakaa miaka na miaka bila kumwomba radhi. Yeye alijua, mimi nilijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Tukaishi hivyo hivyo, maana kuishi ni lazima.

Sasa nimeshalisema, tuendelee.

Uyahudi ulikuwa kipande kidogo tu kwenye muhtasari wa somo. Walimu wengine walikipita mbio wakienda kwa manabii. Yeye alikipanua mpaka kikala nusu ya muhula. Mtihani ulikuwa kwa Kiingereza, ila ubishi ulikuwa kwa Kiswahili, na alisema mtu akielewa kitu kwa lugha anayogombea nayo, Kiingereza kitamfuata chenyewe. Alikuwa na vitabu vinene, vya zamani, alivyoachiwa na wamisionari wa kule milimani kwao, na vingine alivyovitafuta mwenyewe. Kurasa zilikuwa zimelegea, akizifunga kwa uzi wa kushonea magunia.

Kitu kilichomuudhi kuliko vyote ni mwanafunzi kuwazungumzia Wayahudi kwa wakati uliopita. "Waliamini, waliamini! Nani amekwambia wamekwisha?" alikuwa anafoka. "Si watu wa kwenye picha za Sunday school. Leo hii, sasa hivi, kuna mama wa Kiyahudi anamgombeza mwanawe hajaoga." Ukimuuliza kama amewahi kukutana na Myahudi hata mmoja, anasema hapana, na wala haoni aibu. "Na ninyi hamjawahi kukutana na Mungu, mbona mnamsengenya?"

Siku aliyotufundisha Sabato, kwamba inaingia Ijumaa jua likizama na kutoka Jumamosi jioni, kijana mmoja Msabato, Elikana, akaruka kwenye kiti kwa furaha. "Mwalimu! Kumbe Wayahudi ni Wasabato wenzetu? Makambi yao wanafanyia wapi?" Mwalimu alicheka akaishikilia meza, akacheka akakaa, machozi yakamtoka. Halafu, na hili ndilo nililompendea, aliponyanyuka hakumruhusu mtu mwingine acheke. Alisema swali ni zuri sana, na kipindi kizima tukatafuta Elikana amepatia wapi na ameachana na ukweli wapi. Mpaka kengele inalia, Elikana alikuwa anatembea kifua mbele kama aliyetunga somo yeye.

Tena alikuwa na vituko huyu mzee, usinione namsifia tu. Alhamisi anatufundisha sheria za vyakula vya Wayahudi kwa unyenyekevu, kwa nini nguruwe haliwi, kwa nini kula nako kuna utakatifu. Jumamosi wanafunzi wa bweni wanamkuta kwenye kibanda cha kitimoto anatafuna huyo huyo nguruwe, kofia imerudi kisogoni, ndizi za kuchoma pembeni. Tulimbana darasani. "Mimi ni Mwanglikana," akajibu bila kupepesa. "Nafundisha nyumba ya jirani. Sikusema nimehamia." Akatufundisha pia uzuri wa kupumzika, kuacha kazi siku nzima ili ukumbuke kuwa dunia haisukumwi na wewe, na yeye mwenyewe hakujua kupumzika hata kwa dawa. Jumapili ibada ikiisha tu, anatoka kwake Mabwerebwere na baiskeli yake kwenda shamba lake kijiji cha Ulaya, huko huko Kilosa, jembe limefungwa nyuma kwa mpira.

Alipofika kwenye nyama na maziwa kutochanganywa, darasa likaguna. Mkulima gani atajali? Lakini kijana wa Kimaasai aliyekuwa anakaa dirishani, ambaye muhula mzima hakuwa amefungua mdomo, akasema polepole, "Hata nyumbani kwetu havichanganywi." Mwalimu aliacha chaki. Akavuta kiti, akakaa mbele ya yule kijana, akamuuliza mambo ya kwao kwa adabu kabisa, kama mgeni aliyekaribishwa. Sijui kama nimewahi kumwona na furaha kuliko siku ile.

Na lazima nikusimulie sala ya chooni. Wenzetu wale wanayo dua ya kushukuru wakitoka haja, wanamshukuru Mungu kwamba mwilini amepanga matundu, na yanayotakiwa kufunguka yanafunguka, na ya kufunga yanafunga. Alipoieleza tulicheka mpaka mwalimu wa zamu akachungulia. Yeye alingoja tumalize. "Chekeni. Mkifika umri wangu mtaisali." Miaka mingi baadaye, tezi dume ilipokuwa imeshaanza kumtesa na amewekewa mpira wa mkojo, nilimpelekea uji hospitali. Akaninong'oneza kwamba katika kila alichotufundisha hakuna ukweli uliokuwa mkubwa kuliko ule wa chooni. Tukacheka tena wawili, na nesi akatunyamazisha.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa moja. Alisema Wayahudi hawasomi peke yao, wanasoma wawili wawili wakibishana, na ubishi ukiwa kwa ajili ya haki ni ibada. Kwa hiyo kila mmoja wetu alipewa mwenza wa ubishi kwa mwaka mzima. Na kulikuwa na sharti: hujibu hoja ya mwenzako mpaka kwanza uiseme wewe, kwa uzuri wake wote, mpaka mwenzako mwenyewe atamke, "Ndivyo." Asipotamka, unarudia. Wapo waliorudia mpaka jasho likawatoka.

Mimi ni binti wa Kisukuma. Baba alishuka na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa nikiwa mgongoni kwa Mama, akajenga kijijini Zombo. Mwalimu akanipanga na Tabitha, mtoto wa wakulima wa Ulaya, familia ya zamani ya milimani, Waanglikana wa tangu babu. Halafu akatupa mada ya ng'ombe aliyeingia shamba la mtu. Jamani! Kilosa! Huko hilo si la kwenye vitabu, hilo watu wamekatana mapanga.

Tukaanza. Tabitha akasema mahindi ni mwaka mzima wa mtu, ni ada ya mtoto, ni jasho la mama yake, na ng'ombe anayamaliza asubuhi moja huku mchungaji amelala. Ikabidi niyaseme hayo mimi, Kabula binti wa mfugaji. Mara ya kwanza Tabitha akakataa: "Umesema kwa mdomo tu." Nikarudia. Nilipofika kwa mama yake amesimama katikati ya mabua yaliyovunjika, nikajikuta namsema kama mama yangu. "Ndivyo," akasema Tabitha, naye anafuta macho. Zamu yake ilipofika akaeleza njaa ya mifugo wakati wa kiangazi, na mtu anayefukuzwa kila anakofika mpaka anasahau kwao ni wapi. Nikasema ndivyo. Baada ya hapo tukasoma wenzetu wale wanavyoipima: mwenye mnyama anawajibika, lakini lazima ithibitike ni mnyama wa nani, na je, alichunga kama inavyopasa? Tabitha mpaka leo ni rafiki yangu wa damu.

Basi masika ya mwaka ule ule, ng'ombe waliingia shamba la Mwalimu.

Walimaliza kila kitu. Alifika Jumapili na jembe lake akakuta matope na kwato. Mkutano ukaitishwa Ulaya, watu wakajaa, na baba yangu akaitwa kwa kuwa kundi lake ndilo lililozoeleka kupita upande ule. Baba akasimama, fimbo mkononi, akasema kwa utulivu ng'ombe wake siku ile walikuwa bondeni ng'ambo. Hakumaliza. Mwalimu wetu wa ubishi, mwenye sharti lake la kumsemea mwenzako hoja yake kwanza, akanyanyuka. Akasema, na watu wote wakasikia: "Wewe si mtu. Wewe ni ng'ombe aliyevaa shuka." Wako waliopiga makofi. Baba akasimama pale kidogo, akaangalia chini, akaondoka. Mama alikuwepo. Mimi nilikuwa bweni, nikaletewa habari kabla ya chakula cha jioni.

Haikupita wiki ikajulikana kundi lile lilikuwa la wapita njia waliokuwa wanateremka kuelekea kusini. Mwenyekiti wa kijiji alikwenda kumwambia Baba kwamba ameonekana hana kosa. Mwalimu hakwenda.

Nilitaka kuhama shule. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Baba simtaki tena mtu yule. Baba alikuwa anakamua, hakugeuka. "Anafundisha vizuri?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi rudi. Hasira ya siku moja ni yake, masomo ni yako." Nikarudi huku nalia njia nzima. Baba alikuwa mkubwa kuliko sisi sote, na wakati ule sikujua.

Ikafika mada ya maadili. Mwalimu akaandika ubaoni kwamba kwa Wayahudi kumwaibisha mtu hadharani kunahesabiwa karibu na kumwaga damu, kwa sababu damu inamkimbia usoni. Halafu akaandika kwamba kosa dhidi ya Mungu unatubu kwa Mungu, lakini kosa dhidi ya mtu, hata ukilipa fidia, hata ukifunga siku yao kubwa ya toba, halifutiki mpaka umwendee huyo mtu umwombe radhi kwa kinywa chako. Aliandika akiwa ametupa mgongo. Alipomaliza hakugeuka. Tuliona mabega yake. Darasa zima lilijua, Tabitha akanishika mkono chini ya dawati. "Someni wenyewe," akasema mwishoni, akatoka akaiacha chaki na kofia.

Sikumchukia. Nilijaribu, nikashindwa. Mtu anayekuchekesha na kukufungua akili, halafu amekuumizia baba, utamweka wapi moyoni? Aliendelea kunifundisha kwa bidii kuliko wenzangu, akanisahihishia kazi zangu mara mbili mbili, akanipigania nilipotaka kuacha masomo. Yote hayo alinifanyia mimi. Lililokuwa la Baba hakuligusa.

Baadaye sana, akiwa amestaafu na kuhamia Mikumi kwa binti yake, alianza kulizungumza kwa pembeni. Alikuwa akija mgahawani kwangu asubuhi, malori ya Zambia yananguruma nje, anaagiza supu na chapati, anauliza: "Mzee hajambo?" Nasema hajambo. "Miguu?" Nasema inamsumbua. "Mfikishie salamu." Namwambia, Mwalimu, si uzipeleke mwenyewe, Zombo si Ulaya ya Wazungu. Anakunywa supu yake. Siku moja akakiri kwamba ameshafika njia panda ya Zombo si mara moja, ameshuka kwenye bodaboda, akasimama, akapanda nyingine kurudi. "Nilijiandaa maneno mazuri mno, Kabula. Maneno mazuri mno hayasemeki." Nilimwonea huruma, na nilitamani kummwagia supu.

Baba alifariki masika yaliyopita. Mwalimu alikuwa amelazwa Morogoro, hakufika mazikoni.

Alikuja mgahawani baada ya kutoka hospitali, amekonda, suruali imefungwa kwa mkanda wa shule wa mjukuu. Hakuagiza kitu. Nilikaa mbele yake nikamwambia kilichokuwa kooni, sikupamba. "Umechelewa, Mwalimu. Baba alikungoja. Hakusema, ila kila bodaboda iliyosimama uani alikuwa anainua kichwa."

Akaipokea lawama hiyo. Hakujitetea hata kidogo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi.

"Kuna sheria sikuwahi kuwafundisha," akasema. "Niliiruka. Uliyemkosea akifa kabla hujamwomba radhi, unachukua watu kumi, unakwenda nao kaburini, unalitaja kosa lako mbele yao."

"Mwalimu, wewe si Myahudi."

"Si Myahudi, na sitaki kuwaigiza. Lakini nilimvua utu mbele za watu, halafu nimwombe radhi peke yangu chumbani, nani asikie, dari? Hao wenzetu waliliona hili kabla yangu. Mchungaji wangu ameniambia inatosha nitubu kwa Mungu." Akatikisa kichwa. "Mungu sikumtukana."

Nikaenda jikoni nikalia kwenye moshi ili wahudumu wasijue. Kisha nikampigia Mama.

Tulikwenda Jumamosi. Tabitha na mumewe walileta wazee wa Ulaya, wengine wao walikuwepo kwenye mkutano ule na labda walipiga makofi, sikuwauliza. Kaka zangu walikuwa wanatungoja pembeni ya zizi, nyuso zimekunjwa. Kaburi la Baba liko nyuma ya nyumba, sementi bado mpya. Mwalimu akahesabu wanaume kwa macho, akahesabu tena. Tisa. Mzee mmoja pikipiki yake ilikuwa imekwama kwenye tope.

"Tumngoje," akasema.

"Mwalimu," nikamwambia, "si ulisema wapo kati ya Wayahudi wanaohesabu na wanawake?"

"Wapo. Na wapo wasiohesabu. Hoja ya hawa wa pili ni kwamba..." Na kweli akaanza kubishana, pale pale kaburini! Kaka yangu mkubwa akashindwa kujizuia, akatoa kicheko cha puani, cha kwanza tangu asubuhi.

Mama akasogea. Mama hakuwa amesoma, na Kiswahili anakitamka taratibu, neno moja moja. "Siku ile nilikuwa nimekaa nyuma yake," akasema. "Yale maneno yalinipata na mimi. Nihesabu."

Mwalimu akavua kofia. Akapiga magoti, kwa shida, hakutaka kushikwa, na mpira wa mkojo umefichwa chini ya koti.

"Nimemkosea Mungu, na nimemkosea huyu," akasema kwa sauti ya darasani, kila mtu asikie. "Nilisema mbele ya kijiji kwamba yeye si mtu, ni ng'ombe aliyevaa shuka. Ng'ombe walioingia shambani kwangu hawakuwa wake. Na hata wangekuwa wake, alikuwa mtu. Nilijua ndani ya wiki ile ile. Nikaona aibu, na aibu yangu nikaipenda kuliko yeye. Nisamehe, mzee wangu."

Ng'ombe walikuwa wanatafuna zizini. Nilidhani amemaliza, na wazee wakaanza kuitika amina, lakini hakuinuka. Aliinamisha kichwa zaidi, mkono mmoja kifuani. Baba alimzidi umri, na tangu siku ya mkutano Mwalimu hakuwa amemwamkia tena. Walipopishana njiani mmoja aliangalia mahindi na mwingine akaangalia mlima.

"Shikamoo, mzee," Mwalimu akasema.

Kaka zangu waliangalia miguu yao, Tabitha akaziba mdomo. Shikamoo haiachwi hivi hivi, hata mtoto mdogo anajua, na mwenye kuijibu alikuwa chini ya sementi. Mwalimu akabaki ameinama, anangoja.

Mama akazunguka kaburi akaja upande wake.

"Marahaba," akamjibu, akampa mkono ainuke.